Unyogovu: Usingoje hamu ije, anza kutembea

JE, umekuwa ukiamka asubuhi ukiwa umechoka kana kwamba hukulala? Je, mambo uliyoyapenda, kama vile kutazama kandanda au kupiga gumzo na marafiki, hayakupendezi tena?

Hali hii ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, tena ikiandamana na huzuni, kukosa usingizi na kujiona mtu asiyefaa kitu, huenda umeshikwa na ugonjwa wa unyogovu. Huu si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa sukari, na una tiba.

Mojawapo ya tiba hizo ni mazoezi ya viungo. Mwaka wa 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha wagonjwa 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi la kwanza lilipewa dawa, la pili likafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, na la tatu likapata vyote viwili. Baada ya wiki 16, nafuu ya makundi hayo ilikaribiana, ingawa dawa zilileta nafuu mapema zaidi.

Mazoezi huleta usingizi mzuri, hupunguza wasiwasi na hukutoa katika chumba ulimojifungia. Taabu ni kwamba ugonjwa wenyewe hukunyang'anya hamu ya kufanya lolote. Ukingoja ujisikie vizuri ndipo utoke, hutatoka. Tangulia kutenda, hamu itafuata.

Fanya hivi:

1. Anza na kidogo. Zunguka mtaa kwa dakika 10 tu, kisha ongeza dakika chache kila wiki. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki kwa watu wazima, yaani dakika 30 kwa siku tano.

2. Chagua saa maalum. Ukitoka kazini, shuka matatu steji moja kabla ya yako, umalizie safari kwa miguu.

3. Tafuta mwenzako. Ni vigumu kubaki kitandani ukijua jirani anakungoja langoni.

4. Usitumie pesa usizo nazo. Kuruka kamba, kupanda ngazi au kucheza muziki nyumbani ni mazoezi pia, hasa ikiwa mtaa wenu si salama jioni.

5. Ukikosa siku moja, usijilaumu. Endelea kesho.

Ikiwa una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, zungumza na daktari kwanza. Ikiwa unameza dawa za unyogovu, usiziache bila ushauri wake. Na ukipata mawazo ya kujiua, usijaribu kuyatibu kwa kutembea. Mwambie mtu unayemwamini na mwende hospitalini siku hiyo hiyo.

Nawe uliye na jamaa mgonjwa, usimwambie "jikaze". Neno hilo humwongezea mzigo, maana amekuwa akijikaza siku nyingi. Vaa viatu, bisha mlango wake, na umwambie: "Twende tutembee kidogo."