Mradi wa sanaa kuhusu watu waliopotea: namna ya kuufanya bila kuumiza

Karibu kila mwaka, wanafunzi wa sanaa wanapotakiwa kuleta wazo la mradi wa mwisho, hakosekani anayetaka kushughulikia watu waliopotea. Ni wazo zuri, na linahitajika. Matangazo ya waliopotea yamejaa kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye nguzo za stendi, nasi tunayatupia jicho na kupita. Sanaa inaweza kumfanya mpita njia asimame. Lakini ikifanywa kwa pupa inaongeza jeraha juu ya jeraha. Kwa hiyo shika kanuni moja tangu mwanzo: aliyepotea si marehemu mpaka ithibitike, na kazi yako isimzike kabla ya familia yake.

Punguza mada

"Watu waliopotea" ni mada pana mno. Yumo mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyetoka nyumbani asubuhi asirudi, mtoto aliyepotelea sokoni, binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba simu yake ikazimika. Wamo waliochukuliwa na "watu wasiojulikana". Yumo Azory Gwanda, mwandishi wa habari aliyetoweka Kibiti, mkoani Pwani, Novemba 2017. Wamo pia abiria wa MV Spice Islander I, iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ambao miili yao haikupatikana.

Kila kundi lina maumivu yake na hatari zake. Chagua moja, kisha uligeuze kuwa swali unaloweza kulifanyia kazi kwa mikono. "Nataka kuonyesha uchungu wa familia" bado si swali. "Familia inafanya nini na kitanda cha mtu ambaye hajarudi?" ni swali, kwa sababu tayari kuna kitu cha kutazama, kupima na kuchora.

Jifunze kwa waliotangulia

Septemba 21, 1983, Argentina ikiwa bado chini ya utawala wa kijeshi, wasanii watatu, Rodolfo Aguerreberry, Julio Flores na Guillermo Kexel, walipeleka karatasi na rangi kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires. Watu wa kawaida walijilaza juu ya karatasi, wengine wakachora mzingo wa miili yao, kisha vivuli hivyo vikabandikwa kwenye kuta na miti. Kina mama waliokuwa wakiandamana uwanjani hapo tangu 1977 kudai watoto wao waliotoweka walitoa sharti: vivuli visimame wima, visilazwe chini, kwa kuwa kilicholala chini kinasomeka kama maiti. Wasanii walikubali. Uamuzi huo mmoja wa namna ya kubandika ndio ulioibeba maana yote ya kazi.

Mpiga picha Gustavo Germano, ambaye kaka yake alitoweka Argentina 1976, alichukua picha za zamani za familia na kuzipiga upya miaka mingi baadaye, mahali palepale, kwa mkao uleule, na waliobaki peke yao. Anapopaswa kuwapo aliyetoweka pako wazi. Huko Mexico, mchongaji Alfredo López Casanova huchonga ujumbe wa familia kwenye soli za viatu vilivyochakaa katika kutafuta, kisha huzipiga chapa kwa wino wa kijani, rangi ya matumaini. Hakuna damu wala pingu katika kazi hizi. Ziangalie kwa makini, uchukue nidhamu yake, umbo ulitafute mwenyewe.

Fika kwa familia kwa njia ya heshima

Usiokote namba ya simu kwenye tangazo ukapiga. Familia hizi huandamwa na matapeli wanaodai wamemwona ndugu yao, kisha wanaomba hela ya nauli. Pitia mtu wanayemwamini: mjumbe wa mtaa, imamu, mchungaji, au shirika linalowasaidia. Siku ya kwanza nenda bila kamera. Jitambulishe, taja chuo chako, na sema waziwazi kwamba wewe ni mwanafunzi na kazi yako haitamrudisha mtu. Usiahidi "kupaza sauti" usiyo na uwezo wa kuipaza.

Ridhaa iombe kwa hatua: ya kuzungumza, ya kurekodi, ya kuonyesha chuoni, ya kuweka mtandaoni. Anayekubali la kwanza hajakubali la nne. Iandike, isome kwa sauti, mwachie nakala, na mweleze kwamba anaweza kubadili mawazo hata siku moja kabla ya maonyesho. Picha na jina ni taarifa binafsi, na sheria zinazilinda: Kenya iliipitisha yake 2019, Tanzania 2022. Pale ambapo vyombo vya dola vinatajwa, kaa na msimamizi wako na wakili kabla ya kutaja jina la yeyote. Upelelezi si kazi yako. Ukisikia jambo linaloweza kusaidia kumpata mtu, iambie familia mara moja.

Vitu vibaki nyumbani

Picha ya pasipoti iliyobanduliwa kwenye fomu ya shule, yenye matundu mawili ya pini na nusu duara ya muhuri wa bluu kwenye bega, huenda ndiyo pekee iliyobaki. Usiondoke nayo. Ipige nakala palepale, mezani, karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, mbele na nyuma, pamoja na maandishi ya kalamu yaliyo mgongoni.

Kitana, mswaki, wembe na nguo ambazo hazijafuliwa usiziguse kabisa. Vinaweza kuhitajika siku moja kwa kipimo cha vinasaba. Ukitaka kuvitumia, vichore vikiwa mahali pake.

Mazungumzo yaendeshe kwa maswali madogo: alipenda kukaa upande gani mkekani, aliitaje paka wa nyumbani, alipiga hodi namna gani. Majibu ya aina hiyo ndiyo yatakayokupa kazi. Mzazi akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, funga daftari.

Chagua nyenzo inayosema unachokusudia

Ijaribu kila nyenzo kwa kanuni ya mwanzo. Picha ya mkaa inayofutika kila mgeni anapopita inavutia machoni, lakini inasema mtu huyu anakwisha. Mshumaa na shada vinasema ameshazikwa. Kanga yake iliyokunjwa vizuri, ikichorwa kwa ukubwa wake halisi, inasema kuna anayeitunza. Unaweza pia kumchora anayesubiri badala ya anayesubiriwa, kama ndivyo familia inavyotaka.

Maelezo ya ukutani yawe mafupi: jina ikiwa limeruhusiwa, mahali na tarehe alipoonekana mara ya mwisho. Andika "alikuwa na miaka 19 alipoonekana mara ya mwisho" au "ana kovu juu ya jicho la kushoto". "Hayati" na "enzi za uhai wake" visiwepo.

Maonyesho na baada yake

Familia ione kazi kabla ya mtu mwingine yeyote, ikiwa peke yake, na viti viwepo. Wakisema kipande kimoja kiondoke, kiondoe. Ukitaka siku yenye uzito, Agosti 30 ndiyo siku ya kimataifa ya waathirika wa kutoweshwa kwa nguvu. Kwenye bajeti weka nakala ya kila kazi kwa ajili ya familia, na nauli yao ya kuja na kurudi.

Kubalianeni mapema, kwa maandishi, mtafanya nini mtu akipatikana. Akirudi akiwa hai, uamuzi ni wake, na picha yake ishuke ukutani mpaka aseme. Ikithibitika amefariki, simamisha kila kitu, nenda msibani kama mwanajamii, usibebe kamera.

Walimu watakupa alama kwa umbo, ufundi na maelezo. Wewe jiulize jambo moja kabla ya kuikabidhi kazi: mama wa aliyepotea akisimama mbele ya kazi hiyo, ataona mwanawe anatafutwa, au ataona ameshazikwa? Kama huna hakika, nenda kamuulize, na usiifungue milango ya maonyesho mpaka akujibu.