Somo la Robo Hii: Kodi ya Nyumba Hulipwa Kila Siku



Jijini Dar es Salaam wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Lakini wengi wetu, wakiwemo mama lishe, waendesha bodaboda na mafundi, hupata kipato cha siku. Tarehe ikifika, familia hukimbilia mikopo ya "kausha damu".

Tuchukue mfano. Chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi ni shilingi 360,000 kwa miezi sita. Ukizikopa kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza tu ni shilingi 72,000, kupita kodi ya mwezi. Lakini ukizigawanya kwa siku 180, ni shilingi 2,000 kwa siku.

Tunashauri hivi:

1. Anza kutenga mara tu unapomaliza kulipa, usisubiri mwezi wa tano. Siku ikikosa kazi, fidia siku yenye biashara nzuri.
2. Fedha ya kodi isichanganywe na mtaji. Wala usiinunulie hisa za VICOBA, kwani hisa hugawanywa mwisho wa mzunguko, na kodi haisubiri.
3. Mume na mke wote wajue kiasi kilichofikiwa.

Katika Luka 14:28 Yesu anatufundisha kupiga hesabu kabla ya kujenga. Kupanga mapema si kukosa imani. Ni uwakili mwema.

Swali la kujadili katika kikundi: Kodi yako ni shilingi ngapi kwa siku, na ya leo umeitenga?