Kuchagua Kielelezo cha Kuongoza Mabadiliko

Kielelezo ni picha iliyorahisishwa ya jambo halisi. Shirika linalokusudia kubadili utaratibu wake huhitaji kielelezo, lakini kipi? Yafaa kwanza kujua tatizo ni la namna gani.

Katika miaka ya 1950, viwanda vya General Electric huko Kentucky, Marekani, viliyumba: mara wafanyakazi walifanya zamu tatu au nne, na baada ya miaka michache nusu yao waliachishwa kazi. Ilidhaniwa kwamba sababu ni hali ya biashara. Jay Forrester, wa chuo cha MIT, aliuliza wakuu huamuaje kuajiri na kuweka akiba ya bidhaa, kisha akakokotoa kwa kalamu na karatasi, juma baada ya juma. Akaona kwamba hata maagizo ya wateja yasipobadilika, idadi ya wafanyakazi yaweza kupanda na kushuka. Chanzo kilikuwa ndani: kanuni za uamuzi zenyewe.

Kielelezo cha Kurt Lewin, cha mwaka 1947, kina hatua tatu: kuyeyusha mazoea ya zamani kama barafu, kubadilika, na kuyagandisha mapya. Hiki hufaa pale watu wanaposhikilia desturi. Lakini kisingefichua kasoro ya Kentucky. Hesabu nazo hazimtulizi mfanyakazi mwenye hofu. Achaguaye vibaya huweza kuwaadhibu watu kwa kosa la kanuni.

Zoezi: Duka la ushirika la shule hufurika madaftari muhula mmoja, na muhula ufuatao huishiwa. Utatumia kielelezo kipi? Toa sababu.