Mama anasahau: je, damu haifiki kichwani?

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na presha ya siku nyingi. Siku hizi anarudia swali lile lile asubuhi nzima, na juzi alipotea njia akitoka sokoni. Jirani anasema damu haifiki vizuri kwenye ubongo, ninunue dawa ya kuzibua mishipa. Ni kweli? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Jirani hajakosea kabisa, ila hiyo dawa usiinunue.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takribani asilimia 20 ya oksijeni yote. Umri unavyosogea, mishipa hukakamaa na damu inayofika kichwani hupungua taratibu. Mzee mwenye afya huuhimili upungufu huo: atasahau jina la mtu, jioni atalikumbuka. Kupotea kwenye njia aliyoizoea ni jambo jingine, halifai kuitwa uzee.

Kwa mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu, damu hupungua zaidi, na mara nyingi huanza kupungua kabla familia haijaona dalili. Protini iitwayo amiloidi hurundikana kati ya seli za ubongo na kwenye kuta za mishipa midogo. Mwaka 2019 watafiti wa London walionyesha kuwa protini hiyo huzifanya seli zinazokumbatia mishipa myembamba kabisa zijikaze, na mishipa ikabanwa. Kwa hiyo hakuna uchafu wa kuzibuliwa pale. Anayeuza chupa ya kuzibua anakula fedha yako bure.

Presha nayo ikikaa miaka mingi bila kudhibitiwa huharibu mishipa hiyo hiyo, na huweza kuleta usahaulifu peke yake au pamoja na Alzheimer. Wapo wanaoacha vidonge wakidhani presha ikishuka damu haitapanda kichwani. Tafadhali, mama asiache. Akiona kizunguzungu anaposimama, daktari ampime presha akiwa amelala, kisha amesimama, arekebishe dozi.

Mpeleke hospitali mapema. Aombewe vipimo vya sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, na aulizwe kuhusu sonona. Baadhi ya visababishi hivi vya usahaulifu hutibika. Bebeni dawa zote anazotumia, za miti shamba pia. Na ingia naye chumba cha daktari, maana mengi uliyoniandikia yeye hatayakumbuka.