Mwiba wa Seng'enge: Ni Nani Aliyevumbua?

Mkulima, tazama vizuri ua wa seng'enge unaozuia ng'ombe wako wasiingie katika mahindi. Utaona nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Utaona pia mwiba uliozungushwa katika waya mmoja, na waya wa pili unaubana usitembee.

Joseph Glidden, mkulima wa De Kalb, Illinois, huko Marekani, alipewa hataza ya ua huo tarehe 24 Novemba 1874. Hataza ni haki ya mvumbuzi kwamba mtu mwingine asitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa, kwa muda uliowekwa. Lakini wengi walibisha. Walisema kwamba miiba ya waya ilikuwako zamani.

Kweli ilikuwako. Mwaka 1867 William Hunt alipata hataza ya magurudumu madogo yenye ncha, yaliyozunguka juu ya waya. Mwaka 1868 Michael Kelly alipata hataza ya kipande bapa cha chuma kilichotobolewa, kikavishwa katika waya. Tena Kelly aliandika kwamba waya wa pili waweza kusokotwa nao ili kuongeza nguvu.

Basi jipya la Glidden ni lipi? Majaji walisoma dai lake, yaani maneno yanayoeleza hasa kile anachotaka kulindiwa. Lilikuwa na mambo matatu: mwiba wa waya, mwiba huo kuzungushwa katika waya mmoja wa ua, na waya wa pili kuubana kwa kusokotwa. Hunt na Kelly hawakuwa na yote matatu pamoja. Watu wengine walishuhudia kwamba waliuona ua kama huo mapema, lakini majaji hawakutosheka na kumbukumbu za midomo. Mwaka 1892 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilithibitisha hataza hiyo.

Nawe ukibuni, kwa mfano, mashine ya kukata majani ya ng'ombe, fanya hivi:

1. Andika kila sehemu na kazi yake.
2. Linganisha kila sehemu na mashine za zamani. Usitosheke kusema, "Yangu ni tofauti." Sema tofauti iko wapi.
3. Chora picha, tia tarehe, hifadhi karatasi.
4. Peleka maombi katika ofisi ya serikali ya hataza, Nairobi, kabla ya kuionyesha sokoni.

Hataza ya Kenya hudumu miaka 20. Usiipoteze kwa kukosa karatasi na kalamu.