Kabla ya Kuitwa Mbele: Maandalizi ya Mkanda Mweusi wa Aikido

Wengi wanaojiandaa kwa mtihani wa shodan, yaani dan ya kwanza, huanza kwa kuorodhesha mbinu wasizozijua. Wewe anza na ile uliyofundishwa mapema kuliko zote. Mwite mwenzako mwenye mwili mkubwa kuliko wako, umfanyie hiyo mbinu, ikkyo, polepole, mabega yako yakiwa yamelegea. Ukikwama katikati, hapo ndipo penye kazi yako ya miezi ijayo. Watahini wameziona ikkyo nyingi mno, na hatua yako ya kwanza tu huwaonyesha kama unamtoa mtu kwenye mizani yake au unavutana na mkono wake.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kifundo cha mkono na kukisahau kiwiko. Katika shomenuchi, pigo la wima linaloshukia kichwani, usingoje mkono ushuke ndipo uuzuie. Ingia mkono huo ungali unapanda, ukutane nao kabla haujapata uzito. Kielekeze kiwiko cha mwenzako kwenye sikio lake, kisha shuka kwa nyonga, si kwa mikono. Fanya omote kwa kuingia mbele yake, halafu ura kwa kuzunguka nyuma yake, kulia na kushoto. Nikyo, sankyo na yonkyo huanza kwa mwendo huohuo, kwa hiyo muda unaoutumia kwenye ikkyo haupotei hata kidogo.

Mapema kabisa, mwombe sensei wako mtaala ulioandikwa. Usitegemee video za watu wa chama kingine. Vyama vingi hufuata Aikikai, yenye makao yake katika Hombu Dojo mjini Tokyo na inayoongozwa na ukoo wa mwanzilishi, Morihei Ueshiba (1883–1969). Hata hivyo, ndani ya Aikikai yenyewe mitaala hutofautiana: wengine hudai kisu cha mbao peke yake, wengine huongeza upanga wa mbao, fimbo ya jo na mashambulizi ya watu kadhaa. Yoshinkan ya Gozo Shioda na shule ya Kenji Tomiki zina mitihani ya namna yake. Uliza pia idadi ya siku za mazoezi zinazotakiwa tangu kyu ya kwanza, na uziandike kila unapotoka dojo.

Mtahini hutaja shambulio kwanza, kisha mbinu: katatedori shihonage, yokomenuchi iriminage, ushiro ryotedori kotegaeshi. Kuyajua maneno haya ukiwa umekaa nyumbani hakutoshi. Masikio yako yanapaswa kuyatambua ukiwa unahema. Andika mashambulizi kwenye vikadi vya rangi moja na mbinu kwenye vya rangi nyingine, uvichanganye. Mwishoni mwa mazoezi, ukiwa umeshachoka, mwombe mtu avute kadi moja ya kila rangi na kutamka kwa sauti. Siku nyingine chukua shambulio moja na ulijibu kwa mbinu tano tofauti. Siku ya pili geuza: mbinu moja dhidi ya mashambulizi matano. Zoezi hili la pili ndilo litakalokuonyesha kwamba iriminage yako ni nzuri kwa mkono mmoja tu, au kwamba kotegaeshi yako hutegemea mwenzako aanguke kwa hiari.

Kwa suwariwaza, mbinu za kupiga magoti, nakusihi uwe na subira. Magoti yasiyozoeshwa huumia, hasa kwenye mikeka myembamba iliyotandikwa juu ya saruji. Tembea shikko kidogo kila siku ya mazoezi: vidole vya miguu vimekunjwa na kukanyaga, visigino vinakaribiana, mwendo unatoka nyongani. Usilimbikize yote kwenye wiki ya mwisho. Katika hanmi handachi, wewe uko chini na mshambuliaji amesimama. Kishawishi kikubwa ni kuinuka ili umfikie. Baki chini, umshushe yeye.

Shihonage inahitaji onyo la peke yake. Mkono ukipelekwa mbali na bega la mwenzako wakati wa kumwangusha, anakosa namna ya kujiviringisha na kisogo chake kinaweza kugonga sakafu. Ukunje mkono wake hadi ukaribie bega lake, kisha shuka pamoja naye. Usimwangushe kwa kasi mtu ambaye humjui uwezo wake wa kuanguka, mtihani au si mtihani. Mwenzako amekukopesha mwili wake, na binafsi nisingempa dan mtu anayeuchezea.

Kwenye tantodori, mbinu dhidi ya kisu, fikiria kisu chenye makali hata kama umeshikiwa cha mbao. Toka kwanza kwenye mstari wa shambulio, kisha ndipo ushike. Dhidi ya yokomenuchi ya kisu, gokyo ina sababu yake: mshiko wa kifundo hugeuzwa ukilinganisha na wa ikkyo, ili makali yasiufikie mkono wako. Usiishie kwenye kumwangusha. Mdhibiti, mnyang'anye kisu, kisha urudi nyuma ukimtazama.

Mashambulizi ya watu wawili au zaidi huwashinda wengi kwa sababu ya pumzi kuliko mbinu. Ukisimama katikati ukiwangoja, umekwisha. Mfuate mmoja, ingia pembeni yake, na umweke kati yako na mwenzake. Usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, wala usimng'ang'anie mtu ili umalize mbinu maridadi. Mtupe, kisha ugeuke. Anza mazoezi haya kwa mwendo wa kutembea, ukitoa pumzi kila unapomtupa mtu. Mwili ukishazoea kuhema hivyo, ongeza kasi.

Usiache kufanya kazi ya uke, yule anayeshambulia na kuangushwa. Ukiwa uke mwaminifu, unajifunza kwa mwili mahali mbinu inapomshika mtu. Kama dojo yenu haina watu wengi wa ngazi za juu, wanaoanza nao ni walimu wazuri: hawajui waanguke upande gani, kwa hiyo mbinu isiyo sahihi haifanyi kazi kwao.

Wiki ya mwisho punguza mazoezi, lala vya kutosha, kata kucha, fua keikogi. Ikiwa dojo yenu huvaa hakama, fanya mazoezi ya magoti ukiwa umeivaa mapema, maana pindo hukanyagika kirahisi.

Siku yenyewe, ukikosea mbinu iliyotajwa, usisite katikati wala usitikise kichwa. Imalize vizuri, rudi kwenye kamae, msimamo wa kujiandaa, usikilize tena. Fanya mbinu hadi uambiwe acha, hata kama umeshaifanya pande zote. Mitihani mingi hufungwa kwa kokyuho ya kukaa, na wengi huifanya kwa haraka kwa sababu wameona mwisho. Itulize, tandaza mikono kwa pumzi moja ndefu. Ukishawainamia watahini na mwenzako, usivue mkanda wala kwenda kunywa maji. Kaa seiza ukingoni mwa mikeka, kwa sababu anayefuata huenda akakuhitaji uwe uke wake, na anastahili shambulio la kweli kutoka kwako.