SOMO LA WIKI: Kabla ya kumshuku dereva, pima mita

Wamiliki wengi wa teksi na pikapu hupima uaminifu wa dereva kwa hesabu moja: kilomita zilizosomwa kwenye mita, gawanya kwa lita zilizojazwa. Jibu likishuka, dereva huambiwa anaiba mafuta. Hesabu yenyewe ni nzuri, lakini ni wachache wanaojiuliza kama hizo kilomita ni za kweli.

Mita haipimi barabara. Huhesabu mizunguko ya magurudumu na kuigeuza kuwa kilomita kwa kufuata ukubwa wa tairi lililokusudiwa na kiwanda. Ukibadili tairi, mita haina habari.

Tuchukue mfano. Tairi la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi. Mwenye gari, ili gari linyanyuke kwenye barabara mbovu, anafunga 205/70R15, lenye milimita 668. Hilo ni ongezeko la asilimia 5.3. Sasa mita ikionyesha kilomita 400, gari limekwenda kilomita 421. Kama limetumia lita 40, mita inasema kilomita 10 kwa lita, kumbe ni 10.5. Tajiri aliyezoea 10.5 ataona lita 2 hivi zimepotea, na dereva asiye na kosa atapoteza kazi.

Tairi lililochakaa hufanya kinyume. Kipande cha juu kikilika kwa milimita 6, kipenyo hupungua milimita 12, karibu asilimia 2, na mita huongeza kilomita. Ukikodi gari hilo kwa Sh. 1,000 kwa kilomita, kilomita 1,000 za mita ni kama 980 za barabarani. Umelipa karibu Sh. 20,000 za bure.

Angalia pia gari lililotoka Uingereza: mita yake kwa kawaida husoma maili, na maili 1 ni kilomita 1.609.

Dawa yake haina gharama. Endesha kilomita 20 kwa kufuata mawe ya kilomita kando ya barabara kuu. Mita ikisoma 19, gawanya 20 kwa 19: unapata 1.053. Zidisha kila safari kwa namba hiyo. Kisha jaza tangi hadi juu, kwenye pampu ileile, mara tatu au nne, uchukue wastani. Ukibadili tairi, pima upya.

Baada ya hapo, kama lita bado hazitoshi, ndipo umwite dereva.